Kalori Zinazoonyeshwa na Saa ya Mazoezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Swali la kalori huwa halimjii mtu siku anayovaa saa mpya. Humjia wiki ya tatu au ya nne, pale saa inaposema amechoma kalori za kutosha kukonda na mizani inasema hajakonda. Hapo huanza kushuku kwamba mwili wake una kasoro, au kwamba yeye ni mvivu. Mara nyingi shida si mwili wala si uvivu, ni namba iliyoeleweka vibaya, na inaniuma kuona mtu aliyejitahidi kweli akijilaumu kwa sababu yake. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. "Kalori" ya kwenye saa na ya kwenye pakiti ya chakula ni kilokalori, yaani nishati inayotosha kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi.

Je, saa inapima kalori ninazochoma?

Hapana, inakadiria. Ndani ya saa hakuna chombo kinachoona nishati ikitumika. Kuna kihisi cha mwendo, kinachojua mkono umetikisika upande gani na kwa nguvu kiasi gani. Kuna taa ndogo, aghalabu za kijani, zinazomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo, na kwa kufuatilia kupungua huko saa huhesabu mapigo. Saa nyingine zina GPS ya kujua umbali na kasi, na kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kujua kama umepanda mlima au ngazi. Basi. Kalori huja baadaye: programu huchukua mwendo na mapigo, ikachanganya na umri, uzito, kimo na jinsia uliyoandika siku ya kwanza, ikapitisha vyote kwenye hesabu ambayo kila kampuni ina yake, ndipo likatoka jibu.

Kupima hasa ni kazi nyingine. Maabara humvalisha mtu barakoa na kupima oksijeni anayoitumia na hewa ya kaboni anayoitoa, kwa kuwa kila lita ya oksijeni inayotumika mwilini huendana na takribani kilokalori 5. Wakitaka kujua matumizi ya siku kadhaa za maisha ya kawaida, watafiti humnywesha mtu maji yenye atomi nzito za hidrojeni na oksijeni, kisha hufuatilia kwenye mkojo jinsi atomi hizo zinavyopungua siku hadi siku. Njia hiyo ilibuniwa kwa wanyama na Nathan Lifson na wenzake katika miaka ya 1950, na mwaka 1982 Dale Schoeller akaonyesha kwamba inafaa kwa binadamu. Saa ya mkononi haifanyi lolote kati ya hayo.

Mbona saa inasema nimechoma kalori 400 na ndiyo kwanza naamka?

Kwa sababu umezichoma, au kiasi kinachokaribia hapo. Moyo, ubongo, ini na figo havilali. Kwa watu wengi, nishati ya mwili kujiendesha tu ukiwa umetulia ni kama asilimia 60 hadi 70 ya matumizi ya siku nzima. Kusaga chakula huchukua kama asilimia 10. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa mwendo wote wa siku: mazoezi, kazi za mikono, kusimama, kupanda ngazi, hata kujigeuza kitini.

Sehemu hiyo kubwa hutokana karibu yote na taarifa ulizojaza. Kanuni mojawapo inayojulikana sana ilichapishwa mwaka 1990 na huitwa Mifflin-St Jeor. Unazidisha kilo zako kwa 10, unajumlisha sentimita za kimo chako mara 6.25, unatoa umri mara 5, kisha mwanamume anaongeza 5 na mwanamke anatoa 161. Mwanamke wa miaka 34 mwenye kilo 68 na kimo cha sentimita 165 anapata takribani kilokalori 1,380 kwa siku, sawa na 57 au 58 kila saa. Toka usiku wa manane hadi saa moja asubuhi zinakuwa zimeshatimia 400, hata kama hajageuka kitandani.

Sasa tuseme mwanamke huyu alipungua kutoka kilo 80 na hakurudi kwenye programu kubadilisha uzito. Saa itamwongezea kilokalori 120 kila siku ambazo hazipo. Na hata aliyejaza kila kitu sawasawa, kanuni ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye umri, kilo na kimo kilekile wanaweza kuachana kwa kalori mia na ushei kwa sababu mmoja ana misuli mingi kuliko mwenzake, na saa haijui nani ni nani.

"Kalori za mazoezi" na "kalori za jumla" zina tofauti gani?

Za jumla zinaingiza zile za kuwa hai. Za mazoezi, ambazo programu nyingine huziita kalori za shughuli, ni za ziada kutokana na mwendo wako. Hapa ndipo watu wengi wanapohesabu kitu kimoja mara mbili.

Chukua matembezi ya saa nzima ya yule mwanamke wetu. Kutembea kwa mwendo wa kuchangamka hukadiriwa kutumia nishati mara 3.5 hivi ya kukaa kimya, na kukaa kimya huwekewa kilokalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Kwa kilo 68 inakuwa 238. Lakini hata angebaki kwenye kochi saa hiyohiyo, hesabu hiyohiyo ingempa 68. Matembezi yenyewe yamemwongezea 170. Programu moja itamwonyesha 238, nyingine 170, na zote mbili zinazungumzia matembezi yaleyale. Mashine za kukimbilia kwenye kumbi za mazoezi mara nyingi huonyesha ile kubwa.

Umeona pia kwamba 68 hiyo ni kubwa kuliko 57 tuliyoipata juu? Kiwango cha kilokalori 1 kwa kilo kwa saa ni cha mkato, na kwa watu wengi kiko juu kuliko hali halisi. Makosa madogo ya namna hii yamejificha ndani ya hesabu kabla saa haijaanza hata kusoma mapigo yako.

Inakosea kwa kiasi gani, basi?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya kujaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60, wakiwatembeza, wakiwakimbiza na kuwaendeshesha baiskeli huku wakipimwa kwa vyombo vya maabara. Upande wa mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5, jambo la kusifiwa. Upande wa kalori hakuna hata kimoja kilichofanya vizuri. Kilichokaribia ukweli kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kilichoshika mkia, asilimia 93.

Vifaa hivyo vimeshapitwa na wakati na programu za leo zina ufundi zaidi, lakini tatizo la msingi halijaondoka: bado ni mapigo, mwendo na taarifa zako. Mimi nikiona 500 kwenye saa huisoma kama "mahali fulani kati ya 350 na 650", na sijutii kuisoma hivyo.

Kama mapigo ni sahihi, kalori zinakosewaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa kuwa ukilielewa mengine mengi yanajijibu. Saa inadhani kwamba moyo ukienda mbio, misuli inatumia oksijeni nyingi. Katika kukimbia au kutembea kwa muda mrefu bila kubadilisha mwendo, dhana hiyo ni nzuri kiasi. Lakini moyo una sababu nyingi za kwenda mbio, na misuli ni mojawapo tu.

Joto ni sababu ya kwanza. Siku ya jua kali moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili mwili upoe, na mapigo hupanda ingawa kasi yako ni ileile. Ukipungukiwa maji kwa jasho, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Ndiyo maana mkimbiaji asiyebadilisha kasi huona mapigo yake yakipanda polepole kuelekea mwisho wa saa nzima ya kukimbia. Saa inaweza kuandika kwamba dakika 15 za mwisho alichoma zaidi, kumbe mguu unafanya kazi ileile.

Hofu, hasira, homa na kahawa nazo hupandisha mapigo. Kuna saa zinazojilinda kwa kuangalia kama mwili unatembea kabla ya kuhesabu, zingine hazijilindi vya kutosha. Upande wa pili kuna dawa za presha na moyo za kundi la beta bloka, ambazo hushusha mapigo. Anayezitumia anaweza kupanda mlima mpaka pumzi ikamkata na saa ikaona matembezi ya kawaida. Kama uko kwenye dawa hizo, usiongozwe na kalori za saa wala na kanda zake za mapigo, yaani viwango vya mapigo ambavyo saa hutumia kusema zoezi ni jepesi au zito. Muulize daktari wako ujipime kwa njia gani. Kigezo ambacho wengi huelekezwa ni cha maongezi: ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku ukitembea, mwendo wako ni wa wastani.

Nanyanyua vyuma mpaka natetemeka, saa inasema kalori 90. Nimepoteza muda?

Hata kidogo. Kunyanyua vyuma ndiko saa inakokuelewa vibaya kuliko yote. Mkono umeshika chuma na karibu hautembei, msuli uliokazwa hubana mishipa, mwanga wa saa husoma kwa shida, na kati ya seti na seti unapumzika. Halafu mapigo yanayopanda kwa kubana pumzi na kusukuma kitu kizito hayana uhusiano uleule na oksijeni kama ya kukimbia. Namba inaweza kuwa chini ya ukweli au juu yake.

Na hata ingekuwa sahihi, ingekuwa namba isiyohusika. Kunyanyua vyuma ni kwa ajili ya misuli, mifupa na nguvu. Andika kilo ulizonyanyua na mara ulizorudia, hizo ndizo zitakazokuonyesha kama unaendelea.

Na baiskeli? Na nikisukuma kigari cha mtoto?

Tatizo ni lilelile la mkono uliotulia. Ukishika usukani wa baiskeli, kigari cha mtoto au vyuma vya pembeni vya mashine ya kukimbilia, kihisi cha mwendo hakioni hatua. Mwendesha baiskeli ana bahati moja: akifunga kipima nguvu kwenye kanyagio, anapata kazi aliyoifanya kwa kilojuli, kipimo kingine cha nishati. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, na mwili hugeuza chini kidogo ya robo ya nishati yake kuwa kazi ya kukanyaga, hivyo mambo hayo mawili karibu yanafutana. Safari ya kilojuli 500 imetumia takribani kilokalori 500 za mwili au zaidi kidogo. Kati ya makadirio yote ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyapata nje ya maabara, hilo ndilo ninaloliamini zaidi.

Nikichoma 400, naweza kula 400 za ziada?

Kama unataka kupunguza uzito, usifanye hivyo. Nasema bila kusitasita kwa sababu hapa ndipo juhudi za watu zinapopotelea.

Kwanza, 400 hiyo huenda ni 280. Pili, huenda imebeba na zile ambazo ungezichoma ukiwa umekaa. Tatu, mtu aliyechoka na mazoezi mara nyingi hupunguza mwendo siku iliyobaki bila kujijua: anakaa zaidi, anapanda ngazi kwa shingo upande, na kalori alizozipata asubuhi zinarudishwa taratibu hadi jioni. Nne, nayo si ndogo, ni rahisi sana kukadiria chakula chini ya kiasi chake. Ukijumlisha makosa hayo, karibu yote yanaelekea upande mmoja, upande wa kula zaidi ya ulichochoma.

Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la miaka miwili lililoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa watu wazima 471. Wote walipewa mpango wa chakula, mazoezi na ushauri, kisha kundi moja likaongezewa kifaa cha kuvaa. Mwishoni, waliokuwa na kifaa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.5. Wasiokuwa nacho, kilo 5.9. Sisemi kifaa kinanenepesha. Nasema kukivaa peke yake hakupunguzi uzito, na anayekitegemea kimpangie chakula anakitwisha mzigo kisiouweza.

Hali ni tofauti kwa anayejiandaa kwa mbio ndefu, au anayefanya mazoezi saa nyingi kwa wiki na hana haja ya kupungua. Huyo lazima arudishe nishati anayoitumia, na kujinyima ni hatari kwake. Hata yeye, njaa, usingizi, nguvu za mazoezini na uzito wa wiki hadi wiki vitamwongoza vizuri kuliko namba ya jioni moja.

Nikitoka jasho jingi, nimechoma zaidi?

Hapana. Jasho ni mwili unajipoza. Kilo iliyopotea baada ya mazoezi ya joto ni maji, itarudi ukinywa.

Sasa nina stamina, nakimbia umbali uleule, lakini saa inanipa kalori chache. Je, mazoezi hayanisaidii tena?

Yanakusaidia, na hiyo ni dalili mojawapo. Moyo wako umeimarika na unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, hivyo hauna haja ya kukimbizana. Saa inaona mapigo machache, inaandika kalori chache. Nishati halisi haijashuka kwa kiasi hicho. Kukimbia kilomita moja hugharimu takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili, ukiwa mwepesi wa mbio au mgeni. Mtu wa kilo 68 akikimbia kilomita 5 kwenye tambarare, tarajia kitu kama 340. Linganisha na saa yako uone imeachana kiasi gani na makadirio hayo.

Ngozi nyeusi inaharibu usomaji?

Melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi weusi wake, hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo swali lina msingi. Jaribio la Stanford nililolitaja liliona makosa yakiwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, na pia kwa wanaume na kwa wenye uzito mkubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020, uliochunguza jambo hili kwa makusudi kwa watu 53, haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi, ila ulikuta kosa likiongezeka mtu anapokuwa kwenye mwendo kuliko anapopumzika. Usiikatie tamaa saa kwa sababu ya rangi yako. Mchoro wa wino kwenye ngozi (tatuu) uliokolea chini ya saa, mkanda uliolegea na mikono yenye baridi ni vikwazo vya wazi. Ukitaka mapigo ya kuaminika kabisa, mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, haumuliki ngozi.

Nifanye nini kosa lipungue?

Sahihisha uzito kwenye programu kila unapobadilika kwa kilo 2 au 3. Vaa saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikiwa imebana kiasi cha kutoteleza. Chagua aina ya zoezi kabla hujaanza, kwa sababu saa huhesabu baiskeli tofauti na kukimbia. Na usibadilishe saa katikati ya mpango, kwa kuwa saa mbili kwenye mikono miwili ya mtu mmoja zinaweza kutoa majibu mawili.

Namba hii ina faida gani, basi?

Ina faida ukiilinganisha na yenyewe. Saa inayozidisha kwa asilimia 20 leo, kwa zoezi lilelile, huenda itazidisha karibu vilevile wiki ijayo. Kwa hiyo ukiona wiki hii imeshuka kwa theluthi moja kuliko iliyopita, kuna jambo la kweli: umekaa sana.

Unaweza pia kuifundisha, na hili ningependa kila mwenye saa alijaribu mara moja. Kwa wiki nne andika kwa uaminifu unachokula na upime uzito asubuhi, mara kadhaa kwa wiki, kisha uchukue wastani wa kila wiki. Tuseme saa inasema unatumia 2,400 kwa siku, unakula 2,000, na uzito haukusogea. Basi matumizi yako yanayofaa kwa mipango ni karibu na 2,000, na ile 400 ni mchanganyiko wa kosa la saa na kosa la daftari lako. Huhitaji kujua kila moja lilikosea kiasi gani. Anza kupanga kutoka 2,000.

Kuna wanaogawanya upungufu wa kalori kwa 7,700 ili kujua kilo watakazopoteza. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba nishati inayokaribia kiasi hicho, ni kweli. Lakini unapopungua, mwili mdogo hutumia kidogo, na mstari hauendi moja kwa moja kama hesabu inavyoahidi. Usijiwekee tarehe kwa kutumia kanuni hiyo.

Kuna watu wasiopaswa kuiangalia kabisa?

Wapo. Mjamzito au anayenyonyesha ana mahitaji ambayo hesabu ya kawaida ya saa haikuwekewa, na chakula chake kipangwe na mhudumu wa afya. Mtoto anayekua hana sababu ya kuhesabu kalori anazochoma. Na yeyote ambaye amewahi kusumbuliwa na kujinyima chakula, au anayejikuta akizunguka sebuleni usiku ili namba itimie, au akiona hastahili kula mpaka saa imruhusu, namsihi aiondoe namba hiyo machoni na azungumze na daktari au mshauri anayemwamini. Saa nyingi huruhusu kubadilisha kinachoonekana kwenye skrini: fungua mipangilio, toa kalori, acha muda, umbali na mapigo. Kama saa yako hairuhusu, fanya mazoezi bila kuivaa.